Kuacha Sigara Kabla ya Kupigwa Kisu: Mwongozo Kamili Kuanzia Siku Unayopewa Tarehe

Wanaonipigia simu kuhusu jambo hili, hadithi yao ni moja. Mtu kapangiwa upasuaji wa ngiri, au goti, au mawe kwenye nyongo. Daktari kamwambia "sigara acha", akafunga faili, anayefuata akaingia. Mgonjwa anarudi nyumbani, anapunguza kutoka sigara 15 hadi 8, anavuta ya mwisho usiku wa kuamkia siku yenyewe, kisha anashangaa kikohozi kinapombana na mshono bado mbichi.

Siwacheki, maana mimi nilifanya hivyohivyo. Siku ya pili baada ya kushonwa ngiri nilikuwa nakohoa huku nimekumbatia mto, magoti nimeyakunja, na mzee wa kitanda cha jirani akinihesabia kwa sauti: "Hiyo ya saba, mwanangu." Kila nikikohoa nilihisi kama kuna mtu ndani ananivuta uzi. Daktari wa usingizi alikuwa ameniuliza kama navuta. Nilimjibu, "Zamani." Zamani yenyewe ilikuwa jana yake.

Mwongozo huu ni wa upasuaji wa kupangwa tu. Kama ni wa dharura (ajali, kidole tumbo, uzazi uliokwama), nenda kafanyiwe, habari ya sigara utaimaliza baadaye. Na kama ni wa saratani, usiahirishe kwa uamuzi wako mwenyewe eti upate muda wa kuacha. Ongea na daktari, huku sigara ukiiacha leo.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Tarehe ya upasuaji na kalenda ya ukutani unayoiona kila siku.
- Daftari dogo linaloingia mfukoni.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, pamoja na za kienyeji.
- Plasta au chingamu za nikotini kama utazipata. Piga simu kwenye maduka makubwa ya dawa kabla ya kufunga safari, si kila duka linazo.
- Kitu cha kutafuna: karafuu kwenye kikaratasi, karanga, karoti, muhogo mbichi.
- Kibubu. Hela ya kila sigara usiyonunua iingie humo.
- Mtu mmoja utakayemwambia ukweli wote. Asiwe mvutaji.

Kwa walioko Kenya, NACADA (mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya) wana namba ya simu ya bure, 1192, kwa watu wanaotaka msaada wa kuacha vilevi. Kwingineko, anza na nesi wa kliniki iliyokupa tarehe.

## Hatua ya 1: Hesabu wiki kurudi nyuma

Shika tarehe ya upasuaji, rudi nyuma wiki 4, zungushia duara. Hiyo ni siku ya mwisho kabisa ya kuacha. Ukiwa na wiki 8, zitumie zote. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba wavutaji wanaoacha takriban wiki 4 au zaidi kabla ya upasuaji hupata matatizo machache zaidi, na hali zao huwa bora miezi 6 baadaye.

Kwa nini wiki 4? Kwa sababu kila sehemu ya mwili ina muda wake wa kupona moshi.

Damu ndiyo yenye haraka. Moshi wa sigara una kaboni monoksaidi, hewa ileile ya jiko la mkaa inayoua watu waliojifungia chumbani usiku. Hung'ang'ania chembe za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ndani ya saa 12 hadi 24 bila sigara, sehemu kubwa inakuwa imetoka.

Vidonda vinahitaji wiki 3 hadi 4. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, moshi nao unadhoofisha kinga, hivyo mshono unapata damu kidogo na askari wachache. Hapo ndipo usaha unapopata nafasi. Mifupa nayo iko humohumo: aliyevunjika mguu kwa bodaboda na anasubiri kuwekewa chuma, ajue mfupa wa mvutaji unachelewa kuunga.

Mapafu ndiyo ya mwisho, wiki 4 hadi 8. Ndani ya njia ya hewa kuna vinyweleo vidogo vinavyofagia makohozi kwenda juu. Moshi unavilemaza, na vinataka muda ndipo virudi kazini.

Na kama zimebaki siku 5? Acha leo. Utasikia watu wanasema kwamba kuacha siku chache kabla ya upasuaji ni hatari kuliko kuendelea. Madaktari nao waliwahi kuwa na hofu hiyo kwa sababu ya makohozi kuongezeka, lakini tafiti zilipokusanywa pamoja hazikuonyesha kwamba kuacha karibu na siku kunaongeza madhara. Hata siku moja inasafisha damu.

Tahadhari kubwa: tarehe za upasuaji husogezwa. Damu haipo, umeme, mgonjwa wa dharura kaingia, daktari kasafiri. Nimeona watu wengi wakianguka hapa kuliko mahali pengine popote: mtu kakaza wiki 3, anaambiwa rudi mwezi ujao, anatoka getini moja kwa moja hadi kioski. Kwa hiyo siku yako ya kuacha usiifunge kwenye tarehe yao. Wakisogeza, wamekuongezea wiki za mapafu.

## Hatua ya 2: Siku tatu za kuandika, bila kuacha

Hapa watu wananishangaa. Nawaambia wavute kama kawaida kwa siku 3, ila kila sigara waiandike kabla ya kuiwasha: saa, mahali, walikuwa wanafanya nini, na nani. (Zikiwa zimebaki siku 5 tu, ruka hatua hii.) Ukurasa wangu mmoja ulikuwa hivi:

*Saa 12:10 asubuhi. Uani. Sijapiga mswaki. Peke yangu.*
*Saa 4:30. Kahawa, kijiweni. Nimeombwa kiberiti, nikawasha na yangu.*
*Saa 8:00. Baada ya wali.*
*Saa 8:20. Sijui kwa nini.*
*Saa 3 usiku. Simu ya mtu anayenidai.*

Ile ya saa 12:10 ni mwili unaodai nikotini baada ya usiku mzima. Ile ya kijiweni ni mazoea, na ya saa 3 ni mawazo. Dawa zake hazifanani, ndiyo maana anayetumia silaha moja kwa zote anashindwa.

Angalia pia muda kati ya kuamka na sigara ya kwanza. Ikiwa ni chini ya nusu saa, utegemezi wako ni mkubwa, na kukaza roho peke yake kutakutesa bure. Utahitaji msaada wa dawa.

Utajua imefanikiwa ukifika siku ya tatu unaweza kutabiri sigara inayofuata kabla mkono haujaenda mfukoni.

## Hatua ya 3: Sema ukweli kwa daktari, na hasa kwa yule wa usingizi

Hakuulizi ili akuseme. Njia ya hewa ya mvutaji ni korofi: wakati wa nusu kaputi inaweza kukakamaa, kuleta kikohozi au kubana pumzi. Akijua mapema, anachagua dawa na njia tofauti. Usipomwambia, atakutana na hali hiyo wakati wewe huna fahamu.

Kuna jambo jingine ambalo sikulijua. Kile kibano cha kidoleni kinachosoma oksijeni kinaweza kudanganywa na kaboni monoksaidi. Kinaionyesha damu imeshiba oksijeni wakati haijashiba.

Taja vyote, si sigara tu: shisha, msokoto wa bangi, ugoro, kuberi, tumbaku ndani ya tambuu, sigara za umeme. Shisha ndiyo watu huisahau kwa makusudi, wakiamini maji yanachuja. Maji yanapoza moshi. Kaboni monoksaidi inapita, tena kwa wingi, maana chanzo chake ni mkaa wenyewe.

Toa ile orodha ya dawa. Moshi wa sigara hulifanya ini lisafishe baadhi ya dawa haraka zaidi, na ukiacha dawa hizo zinaweza kupanda kwenye damu. Aminofilini ya pumu, warfarini ya kuzuia damu kuganda, na dawa za akili kama olanzapini na klozapini zimo. Mwenye kisukari anayechoma insulini apime sukari mara nyingi zaidi. Usibadilishe dozi mwenyewe.

## Hatua ya 4: Tumia nikotini ya dukani kama inavyotakiwa

Plasta na chingamu za nikotini zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Zinakupa nikotini bila moshi, hivyo mwili unatulizwa wakati mikono na mdomo vinajifunza maisha mapya. Wengi wanaoniambia "nilijaribu, hazifanyi kazi" walizitumia vibaya.

Chingamu. Hii hutafuni kama bazoka. Itafune taratibu mpaka usikie ladha kali kama ya pilipili, kisha iegeshe kati ya shavu na fizi. Ukali ukiisha, itafune tena mara chache, iegeshe upande wa pili. Baada ya kama nusu saa itupe. Nikotini inaingia kupitia ngozi ya ndani ya mdomo. Ukiitafuna mfululizo unaimeza, inakuchoma tumbo, unapata kwikwi, na kiu ya sigara haitoki. Usinywe kahawa, soda wala juisi dakika 15 kabla na wakati iko mdomoni, kwa sababu uchachu unaizuia kuingia. Anayevuta ndani ya nusu saa baada ya kuamka huanza na ya miligramu 4, wengine 2. Wiki za mwanzo ni moja kila saa 1 hadi 2, na usizidishe 24 kwa siku.

Plasta. Anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku kwa kawaida huanza na ya miligramu 21, chini ya hapo 14. Bandika asubuhi mahali pakavu pasipo na nywele nyingi: mkono wa juu, kifua, mgongo. Kesho yake badilisha mahali. Joto la pwani ni adui wa plasta, kwa hiyo osha kwa sabuni ya kawaida, kausha vizuri, usipake mafuta, kisha ikandamize kwa kiganja sekunde 10. Ikikuletea ndoto za ajabu, ibandue kabla ya kulala.

Plasta na chingamu zinaweza kwenda pamoja: plasta kwa ajili ya siku nzima, chingamu kwa ile kiu ya ghafla. Muulize mfamasia au daktari.

Tahadhari. Mjamzito, na aliyepata mshtuko wa moyo karibuni, aanze kwa daktari. Na kama upasuaji wako ni wa kupandikiza ngozi au wa kurekebisha umbo, muulize mpasuaji kwanza, maana wengine hutaka mgonjwa asiwe na nikotini ya aina yoyote.

Kuna vidonge pia, vareniklini na bupropioni, vya kuandikiwa na daktari. Huanzwa wiki moja au mbili kabla ya siku ya kuacha, kwa hiyo ulizia mapema. Bupropioni haimfai mwenye kifafa.

Hujapata chochote kati ya hivi, au bei imekushinda? Hatua zilizobaki zinafanya kazi bila dawa. Ni ngumu zaidi tu.

## Hatua ya 5: Usiku wa kuamkia siku ya kuacha

Usitafute tu pakiti. Tafuta ile sigara ya akiba: kwenye mfuko wa koti, chini ya kiti cha pikipiki, kabatini nyuma ya vyombo. Kila mvutaji anayo. Ziloweshe maji kabla ya kutupa, usije ukaziokota saa 6 usiku. Kiberiti cha mfukoni kabidhi jikoni.

Kisha fanya jambo linalotia aibu kidogo. Nenda kwa muuza duka anayekuuzia moja moja, mwambie: "Kaka, mimi nina operesheni, usiniuzie tena hata nikikulilia." Sigara ya rejareja ndiyo mtego wetu, kwa sababu haionekani kama kurudi. "Nimenunua moja tu." Ukivuta 10 kwa siku, wiki 4 ni sigara 280, na zote zilinunuliwa moja tu.

## Hatua ya 6: Siku tatu za arosto

Siku ya kwanza mpaka ya tatu ndiyo kilele cha arosto, yaani mwili kudai nikotini uliyoizoea. Kichwa kinauma, usingizi unaruka, hasira zinakuja kwa jambo dogo, mikono haina kazi. Waambie wa nyumbani mapema ili wasidhani umeanza ugomvi.

Kiu ya sigara inapanda na kushuka ndani ya dakika chache, uvute usivute. Kwa hiyo kazi yako ni kuvuka hizo dakika chache, mara nyingi kwa siku. Simama ulipo, toka nje ya chumba, weka karafuu mdomoni, kunywa maji kwa mafunda madogo, mpigie yule mtu wako. Anayefunga Ramadhani anajua kwamba mwili unaweza kukaa zaidi ya saa 13 bila sigara. Anajua pia kwamba hatari ipo baada ya kufuturu, kwa hiyo ukishashiba usikae. Nyanyuka uoshe vyombo. Watashangaa, lakini waache washangae.

Kahawa. Hili wachache hulijua. Moshi wa sigara hulifanya ini limalize kafeini haraka. Ukiacha, kikombe kilekile kinakaa mwilini muda mrefu zaidi, moyo unadunda, usingizi unakimbia, nawe unasema "kuacha sigara kunaniua". Punguza kahawa na chai ya rangi kwa nusu tangu siku ya kwanza. Na kijiwe cha kahawa kihame kwa wiki 2. Jamaa zako watakuwepo ukirudi.

Utajua imefanikiwa ukiamka siku ya nne, umeshapiga mswaki na kunywa chai, ndipo ukakumbuka sigara.

## Hatua ya 7: Wiki ya pili hadi siku ya upasuaji

Hapa mwili umetulia kidogo na akili inaanza ujanja.

Kikohozi na makohozi vinaweza kuongezeka. Mtu anasema, "Afadhali nilipokuwa navuta, kifua kilikuwa kikavu." Ni vile vinyweleo vimeanza kufagia. Tema, kunywa maji, tembea dakika 20 au 30 kila siku. Ila ukipata homa, makohozi ya damu au kubanwa pumzi, nenda hospitali, hiyo si kazi ya kuacha sigara.

Choo kinaweza kuwa kigumu. Mwenye ngiri aliangalie hili sana, kwa sababu kujikamua kunasukuma palepale panapotakiwa kushonwa. Papai, mboga za majani, maharage, maji.

Njaa itakuja na kilo moja mbili zinaweza kupanda. Mpasuaji anapendelea hizo kilo kuliko moshi.

Ukiteleza ukavuta moja, usitangaze kwamba yote yameharibika. Andika kwenye daftari kama mwanzo (saa, mahali, na nani), rudi kwenye plasta au karafuu, na usianze kuhesabu upya kutoka sifuri kwa majonzi. Rekebisha lile tundu moja. Kama ulivutia kwa fundi viatu, wiki hii pita njia nyingine.

Kuhusu kupunguza: ukitoka sigara 20 hadi 5 unazivuta hizo 5 mpaka kichungi, kwa mivuto mirefu. Mwili unajifidia. Kupunguza kunafaa kama njia ya siku chache kuelekea siku ya kuacha, lakini hakuwezi kuchukua nafasi yake.

## Hatua ya 8: Siku yenyewe

Usivute usiku huo wala asubuhi. "Ya kutuliza presha" inapandisha mapigo ya moyo na kurudisha kaboni monoksaidi kwenye damu saa chache kabla ya dawa ya usingizi.

Fuata masharti ya kufunga uliyopewa. Kwa kawaida chakula kigumu kinakatazwa saa 6 kabla na maji saa 2 kabla, lakini la hospitali yako ndilo la kufuata. Chingamu ya nikotini nayo usitafune asubuhi hiyo bila ruhusa. Kama umebandika plasta, waonyeshe ilipo, wao wataamua ibaki au itoke.

Na kama umevuta? Sema. Sema hata kama mke wako amesimama hapo.

## Hatua ya 9: Wodini na nyumbani

Wodini hakuna wa kukuuzia, na maumivu yanakushughulisha. Siku hizo zitumie vizuri. Kila saa ukiwa macho, vuta pumzi ndefu mara kadhaa kwa utaratibu. Ukitaka kukohoa, kandamiza mto juu ya mshono, inama mbele kidogo, kisha kohoa. Usikibane kikohozi, makohozi yaliyolala kifuani ndiyo yanayoleta nimonia. Ukiruhusiwa kusimama, simama.

Nenda hospitali haraka ukiona homa, usaha, mshono unafunguka, maumivu ya kifua, pumzi fupi, au mguu mmoja umevimba na kuuma.

Hatari halisi iko nyumbani, kama wiki moja baadaye. Umekaa barazani, huendi kazini, wageni wanakuja na machungwa na pole. Mmoja wao, rafiki wa kweli kabisa, anatoa pakiti: "Si umeshapasuliwa? Chukua moja." Jibu liandae kabla hajafika. Langu lilikuwa, "Bado nina nyuzi," na nililitumia mpaka miezi 2 baada ya nyuzi kutolewa.

Plasta usizikatishe kwa sababu kisu kimepita. Mpango wa kawaida wa anayeanza na miligramu 21 ni wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Kalenda ibaki ukutani mpaka hapo. Kibubu kivunje siku ya kliniki ya kuangaliwa mshono, kwa nauli ya kurudi na kilo ya nyama.